Tangi Lililokuwa Chini ya Kitanda cha Moraa

Siku tulipofungua lile tangi tulikuwa watu wanne, na nitawataja mmoja mmoja asije mtu akasema Kerubo amejitungia. Alikuwapo Mzee Nyamweya, dereva, mtu wa Keroka, baba yake Ombati. Alikuwapo Moraa, mke wa huyo Ombati, kwa hiyo mkamwana wa Mzee Nyamweya. Alikuwapo Sista Agneta, muuguzi mzungu, ambaye hakuwa na ukoo na mtu yeyote huku kwetu lakini ndiye aliyekuwa mkubwa wetu wa kazi. Na mimi Kerubo, mpishi na mtu wa maji. Mimi na mama yake Moraa tulizaliwa kijiji kimoja upande wa Nyamira, ndiyo maana Moraa alikuwa akiniita mama mdogo. Ombati mwenyewe alikuwa amesharudi Kericho kwenye mashamba ya chai.

Wa tano angekuwa Onchari, mtoto wa Moraa na Ombati. Yeye tulikuwa tumemzika siku chache kabla.

Sasa nyinyi vijana mtauliza kwa nini bibi mzee anafukua mambo ya miaka ya sabini. Ni kwa sababu ya mjukuu wangu Evans. Amenunua gari la kulala ndani, lina kitanda, lina jiko, lina karai la kunawia, anataka kupeleka wageni mbugani Maasai Mara. Alilileta nyumbani nilione. Akafungua bomba, akajaza kikombe, akanipa.

"Onja, Magokoro. Ni baridi kama ya friji." Magokoro kwetu ni bibi.

Nikamuuliza, "Tangi lake ulilifungua lini?"

Akacheka. "Tangi haifunguliwi, Magokoro. Inajazwa tu."

"Mfuniko wake uko wapi?"

"Huko chini ya kitanda."

Nikaweka kikombe chini. Aliona nimekasirika, lakini sikuwa nimekasirika. Nilivuta kiti tu nikakaa. Mimi shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo mkikuta maneno yamekaa vibaya mnisamehe. Majina ndiyo sisahau.

Misheni yetu ya Nyamira ilikuwa na lori. Mgongoni mwa lori hilo fundi alijenga chumba cha mbao na mabati, dirisha upande huu na upande huu, mlango nyuma, na ngazi ya kukunja. Ndani kulikuwa na meza ya kutibia watu, makabati ya dawa, karai lenye pampu ya kukanyaga kwa mguu, kitanda cha Sista upande wa mbele, na kule nyuma benchi refu lenye godoro la wagonjwa. Chini ya benchi ndipo tangi lilipokaa, la bati nzito, linameza maji ya mapipa mawili. Tulizunguka nalo sokoni: Keroka, kisha Nyamache, kisha tunateremka hadi Nyamarambe, halafu tunarudi nyumbani Nyamira kujaza dawa. Tukifika tunapiga kambi. Sista alilala ndani, Mzee Nyamweya alilala kwenye kiti cha mbele, na mimi nililala kwa wenyeji au kwenye hema.

Aliyelibandika lori lile jina ni Mzee Nyamweya mwenyewe. Aliliita *enyomba*, yaani nyumba. Alijivunia. Nakumbuka Nyamarambe mama mmoja mzee, Nyaboke, aliyekuja kutolewa funza, akalizunguka lori lote na fimbo yake akiuliza maswali.

"Hii ni nyumba gani haina meko?"

"Meko ni Kerubo," Mzee Nyamweya akamjibu.

"Na mwenye nyumba ni nani?"

"Si unaniona?"

"Wewe! Mwenye nyumba analala nje kwenye usukani, na ndani amelala mzungu?"

Watu walicheka mpaka Sista akatoka kuuliza kuna nini. Hakuna aliyemwambia. Tangu siku hiyo, tukifika soko lolote utasikia watoto wanapiga kelele, enyomba imekuja, enyomba imekuja. Lilikuwa jina la furaha. Baadaye nimelifikiria sana jina hilo.

Mzee Nyamweya ndiye aliyenifundisha maji. Nilipoajiriwa nilijua kuteka na kubeba, hiyo kila msichana wa kwetu anajua. Yeye alinifundisha kwamba maji yakishaingia kwenye chombo kilichofungwa ni kitu kingine, yanaanza maisha yao. Alikuwa amejifunza udereva jeshini, na huko waliwahi kuugua kambi nzima kwa sababu ya pipa moja. Basi kila tulipomaliza mzunguko alikuwa anaingia ndani na spana yake, anainua godoro na ubao wa benchi, analegeza nati za mfuniko, anatia mkono mpaka begani.

"Njoo hapa, Kerubo. Tia mkono wako. Unasikia nini?"

"Utelezi."

"Huo utelezi ndio adui. Maji unaweza kuyaona kama kioo, na utelezi uko chini unakungoja."

Nawaandikia alivyofanya, kwa sababu bado ni sawa hata kwa hayo matangi yenu ya plastiki. Kwanza unamwaga maji yote. Halafu unafungua mfuniko, kwa sababu koki ya kumwagia haikukaa kwenye sakafu ya tangi, imekaa juu kidogo, upana wa vidole, na kilicho chini ya hapo hakitoki hata ukifungua koki wiki nzima. Hicho unakitoa kwa mkono, kwa kitambaa na kikombe. Unasugua bila sabuni, maana sabuni haiishi mdomoni. Unasuuza. Unatia maji nusu na klorini ya kutosha, na hapo Mzee Nyamweya alikuwa na ujanja wake: hakusugua mara ya pili, aliendesha. Aliliendesha lori kwenye barabara ya Nyamache, ambayo wakati huo ilikuwa mawe na mashimo, maji yanapigana humo ndani kama watu kwenye mnada. "Hii barabara serikali haijatengeneza kwa sababu inajua ni brashi yangu," alikuwa akisema. Kisha unaacha dawa ilale humo mpaka kesho yake. Na kabla hujamwaga, unakanyaga pampu mpaka harufu ya dawa itoke bombani, kwa sababu mipira nayo ina tumbo, nayo inashika uchafu. Ndipo unamwaga, unajaza upya, unaonja.

Kunusa pia alinifundisha. Usinuse maji yakiwa kwenye ndoo. Tia kidogo kwenye kibuyu kisafi, funika mdomo wa kibuyu kwa kiganja, tikisa, kisha toa kiganja pole pole na pua yako iwe hapo. Maji mabaya yanajisema.

Si kwamba sikukosea. Mara ya kwanza aliponiachia klorini, nilitumia upawa badala ya kijiko. Sista akawakaribisha wazee wa kanisa pale Keroka kwa chai. Mzee mmoja, Mwalimu Ongaki, akanywa funda moja, akatazama kikombe, akatazama shati lake jeupe, akasema, "Dada Kerubo, hii chai ungeniambia ni ya kufulia ningekuja na nguo zote." Mzee Nyamweya hakuniacha nisahau. Hata miaka baadaye nikimpelekea chai alikuwa akiichovya kona ya leso yake na kuangalia kama imekuwa nyeupe.

Moraa alikuja kwetu kwa sababu Sista alihitaji msichana mwenye shule kidogo wa kufunga vidonda na kuwatafsiria akina mama. Mzee Nyamweya ndiye aliyesema mke wa mwanawe amesoma mpaka darasa la saba. Alikuja na mtoto mgongoni. Mtoto huyo alikuwa amepewa jina la marehemu baba yake Mzee Nyamweya, Onchari. Nyinyi mliozaliwa mjini labda hamjui maana yake. Mtoto akipewa jina la mzee aliyekufa, yule mzee amerudi nyumbani. Kwa hiyo Mzee Nyamweya, mtu mwenye mvi, alimwita yule mtoto Tata. Tata kwetu ni baba. Asubuhi alikuwa anasimama nje ya dirisha la lori, kofia mkononi, anaamkia.

"Bwakire, Tata. Umelala vizuri? Nipe ruhusa niwashe gari."

Mtoto anacheka na fizi. "Amekubali," Mzee anasema, anaenda kuwasha gari.

Lakini hakumpokea mtoto kutoka mikononi mwa Moraa hata siku moja. Mimi ndiye nilikuwa namtoa kwa mama na kumpa babu, namtoa kwa babu na kumrudisha kwa mama. Hiyo ni heshima yetu, inaitwa chinsoni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani, hawataniani, na mahali anapolala mke wa mwanawe baba mkwe hakanyagi. Hata nyumba ikiwaka moto atasimama uani aite watu. Hatukufundishwa kwa maneno. Ulikuwa unaona wakubwa wanavyopita mbali na mlango, nawe unapita mbali.

Mwanzoni Moraa alilala na mimi kwenye hema. Halafu mvua zikaanza, baridi ya Nyamache mnaijua, mtoto akawa anakohoa, na Sista kwa huruma yake akasema, "Moraa, wewe na mtoto mtalala ndani, kwenye lile godoro la nyuma." Lilikuwa jambo jema. Mimi mwenyewe nilibeba mablanketi ya Moraa nikayatandika. Moraa akatundika kitenge kutenga kona yake, akaweka kikapu cha nguo za mtoto. Pale pakawa kwake.

Tangu siku hiyo Mzee Nyamweya hakupanda tena ile ngazi.

Hakutangaza. Na mimi na Moraa hatukuuliza, kwa sababu tulijua, na jambo la namna hiyo likijulikana halisemwi. Tulilizunguka tu. Bawaba ya kabati ilipolegea, Sista alimwita aje na bisibisi. Akajibu kutoka nje, "Sista, ng'oeni mlango mniletee huku, kuna mwangaza mzuri." Tukaung'oa, tukampelekea, akautengeneza akiwa ameketi kwenye nyasi. Sista akatikisa kichwa akicheka, akaniambia, "Nyamweya anazeeka, hataki ngazi." Nami nikacheka naye.

Mlango wa kabati unaweza kumpelekea mtu nje. Tangi halitoki.

Mwisho wa mzunguko nilikuwa namwona amelala chali chini ya lori, miguu iko nje, koki imefunguliwa, maji yanamwagika mpaka yanatoka meupe. Sista anauliza, "Nyamweya, tangi sawa?" Anajibu, "Sawa, Sista, imetoka safi." Na kweli yalikuwa yanatoka safi. Mimi nilijiambia kwamba kwa ajili ya tangi peke yake huwa anaingia kule ndani sisi tukiwa sokoni, Moraa akiwa kwenye foleni ya akina mama. Sista alidhani hivyo hivyo. Nati za tangi zilikuwa kazi yake tangu kabla yangu, na alikuwa anazijua kuliko mtu yeyote.

Halafu raba ya mdomo wa kujazia, huko ubavuni mwa lori, ikapasuka. Raba nyingine iliagizwa Kisumu, ikawa inakuja, inakuja. Kwa muda huo Mzee Nyamweya aliziba kwa majani makavu ya mgomba aliyoyasokota, vile mtu anavyoziba mdomo wa mtungi. Mvua ikanyesha. Barabara ya kwenda Nyamache siku ya soko ni barabara ya ng'ombe. Lori linapita kwenye tope hilo, magurudumu yanarusha tope na mavi ya ng'ombe mpaka ubavuni.

Maji ya kunywa na ya dawa nilikuwa nachemsha mimi, na nayachemsha mpaka yaruke. Hapo sina shaka. Lakini uji wa mtoto ukitoka jikoni ni moto, na mtoto mwenye njaa hangoji. Moraa alikuwa anafanya wanavyofanya akina mama wote mpaka leo: anakanyaga pampu mara moja, anatia maji baridi kidogo kwenye kikombe cha uji, anakoroga, anampa. Uji umechemshwa, kikombe kimeoshwa. Ni yale maji kidogo ya kupoza.

Sista ndiye aliyeanza kuumwa tumbo. Akasema ni maparachichi, amekula mengi. Alikuwa anasukutua kinywa kwa maji ya ile pampu. Kisha tukiwa Nyamache mtoto akaanza kuhara.

Mimi nimelea watoto, na kuhara kwa mtoto mwenye meno yanayoota si jambo la kupiga yowe. Lakini huku hakukusimama. Sista alichanganya maji yangu yaliyochemshwa na chumvi na sukari, tukawa tunampa kwa kijiko, yeye na mimi na Moraa kwa zamu. Anatapika, tunampa tena. Kufikia adhuhuri ule utosi wake ulikuwa umebonyea, ukimbana ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Sista akanyanyuka, akafunga makabati, akawaambia akina mama waliokuwa kwenye foleni wasamehe. Tukaondoka kwenda Kisii hospitali.

Sisi wanawake watatu tulikuwa nyuma na mtoto. Mzee Nyamweya alikuwa mbele peke yake. Chini ya mteremko fulani lori likazama kwenye tope. Akashuka, akatafuta mawe na matawi, akaweka chini ya magurudumu, na kabla ya kurudi kwenye usukani akaja dirishani. Alikuwa na tope mpaka kifuani. Hakutazama ndani. Alitazama bati la ukuta.

"Kerubo. Tata anasemaje?"

"Amenyamaza."

"Amelala?"

Nikamtazama Moraa. Moraa hakuinua macho. "Amenyamaza, Mzee. Endesha."

"Mwambie tunafika."

Nikaweka mdomo sikioni mwa mtoto nikamwambia tunafika. Moraa alinisikia. Ndipo akaanza kulia, kimya kimya, matone yanaanguka kwenye blanketi.

Tulifika. Walimtia sindano ya maji kichwani, maana mkononi mshipa haukupatikana. Asubuhi, wagonjwa wengine wakipokea uji, Onchari akakata roho kwenye mapaja ya mama yake.

Daktari alituuliza mtoto alikula nini, alikunywa maji gani. Moraa akasema uji. Akasema na maji ya kupoza. Nikatoka nje, nikaenda kwenye lori pale uani, nikachukua kibuyu changu, nikakanyaga pampu. Macho yangu hayakuona kitu, yalikuwa maji meupe. Nikafunika kwa kiganja, nikatikisa, nikanusa. Sitawaeleza ile harufu. Anayejua harufu ya chini ya jiwe la kwenye boma la ng'ombe anaijua.

Mzee Nyamweya alikuwa ameketi kwenye kibao cha kukanyagia cha lori, kofia magotini.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, mfuniko wa tangi ulifunguliwa lini?"

Wauguzi walipita na vitanda vya kusukuma, akawatazama mpaka wakaisha.

"Kerubo, pale ni kwa mwanangu."

"Ni lori, Mzee."

"Lori? Nani aliliita nyumba? Kitanda cha mke wa Ombati kiko pale. Ulitaka niingize kichwa chini ya kitanda cha mke wa Ombati?"

"Ungeniambia mimi. Ningefungua mimi."

"Ningekuambia nini? Kwamba nimefikiria kitanda chake?" Akainua mikono akaitazama, bado ilikuwa na tope la jana. "Nilikuwa nafungua koki. Yalikuwa yanatoka safi. Uliyaona mwenyewe yanatoka safi."

Nilimwaga maji ya kibuyu, nikakiosha mara nyingi kuliko kilivyohitaji.

Tulimzika Keroka, nyumbani kwao, karibu na migomba. Mtu akizika mtoto mwenye jina la baba yake, watu hawajui wampe pole gani. Wengine walimpa pole ya mjukuu, wengine ya mzazi.

Sasa nimefika kwenye siku niliyoanza nayo. Lori lilikuwa limeegeshwa misheni. Sista aliamua tangi lifunguliwe. Alikuwa ameshaambiwa na daktari, na mimi nilikuwa nimemweleza chinsoni, nikirudia rudia mpaka akaelewa. Hakumlaumu Mzee Nyamweya. Alisema tu kwa sauti kavu, "Mimi ndiye niliyemwambia Moraa alale pale." Akachukua spana akaingia mwenyewe. Nati zilikuwa zimeshika kutu. Akavuta mpaka kiganja kikachubuka. Nikajaribu mimi. Hazikusogea. Mzee Nyamweya alikuwa amesimama chini ya ngazi, mkono mmoja umeshika chuma cha ngazi, mguu haujapanda.

"Kateni ubavu wa lori," akasema. "Leteni msumeno niingie kwa ubavu."

"Huwezi kukata lori, Nyamweya," Sista akamjibu.

Hapo ndipo Moraa alipokuja. Alikuwa amefuata kikapu chake cha nguo. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kwa msiba. Alisimama akasikiliza, akaona spana, akaona ule mguu chini ya ngazi. Hakuna aliyemweleza kitu.

Alipanda. Mzee Nyamweya akasogea mbali kumpisha, akageuka upande. Moraa akashusha kitenge alichokuwa ametundika. Akatoa kikapu. Akatoa mablanketi, akayaweka kwenye nyasi. Akarudi, akalivuta godoro peke yake, nilipotaka kumsaidia akasema, "Acha, mama mdogo." Akaliburuta kwenye ngazi, akalitupa uani mbele ya watu wote. Akarudi tena na ubao wa benchi, akauegemeza kwenye gurudumu. Pale ndani pakabaki tangi la bati peke yake na zile nati zake.

Kisha akaenda mpaka kwenye ua wa michongoma, akatugeuzia mgongo.

"Tata," akasema, na nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kwangu kumsikia akimwita baba mkwe wake moja kwa moja kwa kazi, "ingia. Hapa hakuna nyumba."

Mzee Nyamweya alivua viatu. Kwa nini alivua sijui. Akapanda. Nati zilimtii. Mfuniko ulipoinuka Sista aliziba pua akatoka, mimi nikabaki na ndoo. Alitia mkono mpaka begani kama zamani, akaanza kutoa. Lilitoka tope jeusi, zito kama uji wa wimbi. Yalitoka majani ya mgomba yaliyooza. Ikatoka mifupa midogo na manyoya, panya aliyeingia kwa ule mdomo wa ubavuni. Vyote alivitoa kwa kiganja, akaviweka kwenye ndoo yangu bila kurusha, na kila ndoo niliyomwaga nilimwaga nyuma ya choo, mbali na Moraa. Lakini kumwagika alikusikia. Kila ndoo ilipomwagika niliona mabega yake yanapanda.

Alisugua mpaka jua likaegemea. Akatia klorini. Hakuniita nipande nitie mkono nisikie. Akashuka, akavaa viatu, akaliwasha lori, akaenda nalo peke yake barabara ya Nyamache, na tulilisikia likigonga mawe muda mrefu.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine, yeye na mimi. Hakuliita tena enyomba. Watoto wakipiga kelele sokoni alikuwa anapandisha kioo. Mdomo wa kujazia ulipata raba, na benchi la nyuma Sista alilifanya la dawa, halikulaliwa na mtu tena. Nami tangu hapo kila mwisho wa mzunguko niliuliza kwa sauti, mbele ya watu wote, nani amefungua mfuniko, na nani ameona sakafu kwa macho yake. Walinichoka. Moraa alimfuata Ombati Kericho. Walipata mtoto mwingine wa kiume, na hawakumpa jina la Onchari. Nilisikia Mzee Nyamweya akienda kumwona alimwamkia kama mtoto tu.

Evans nilimkalisha nikamwambia haya yote, kikombe chake kikiwa hapo mezani. Hakucheka. Alitoa godoro lake, akafungua mfuniko, mimi nikiwa nimeshika tochi. Alichokitoa hakikuwa panya, lakini hajawahi tena kuniambia tangi halifunguliwi.

Kati ya wale wanne, Mzee Nyamweya amekufa, Sista alirudi kwao na habari zikaja kwamba naye amekufa. Nimebaki mimi, na labda Moraa, ambaye mara ya mwisho nilisikia yuko kwa binti yake upande wa Kericho. Moraa, kama kuna mjukuu anayekusomea hii, nisahihishe. Sina hakika godoro lilikuwa la mistari au la buluu. Sina hakika kama Ombati alikuwa amesharudi kazini au alikuwa Keroka kwa wazazi. Na kuna moja linanisumbua kuliko hayo. Nimeandika kwamba ulitugeuzia mgongo wakati baba mkwe wako alipopanda ile ngazi, maana ndivyo heshima inavyotaka na ndivyo nilivyozoea kusimulia. Lakini kuna siku nikifumba macho nakuona umegeuka, unamtazama. Ni wewe tu unayejua. Kama nimekosea, niambie, hata kwa kunigombeza.